Kiuno Kikiuma: Tiba Bila Kisu

Palizi ikianza Kang'ata, wilayani Handeni, viuno navyo huanza kulalamika. Kuna jembe la mkono, kuna madumu ya maji, na kwa vijana wa machimbo ya dhahabu kuna viroba vya mawe. Mgonjwa akiambiwa "pingili zimesagika" hofu humwingia: anawaza kupasuliwa, anawaza kupooza, familia inaanza kuuza mbuzi. Subirini kwanza. Maumivu mengi ya kiuno hutulia bila upasuaji.

Kati ya pingili na pingili ya mgongo kuna kisahani laini kinachopokea uzito. Kikichomoza hubana mshipa wa fahamu, na maumivu hushuka takoni hadi mguuni kama shoti ya umeme. Hata hali hiyo, kwa wagonjwa wengi, hupungua ndani ya wiki 6 hadi 12, na mara nyingi sehemu iliyochomoza hunywea yenyewe.

Kulala kitandani wiki nzima hudhoofisha misuli inayoshikilia mgongo. Pumzika siku moja au mbili, kisha tembea, hata kama ni kwenda kwa jirani na kurudi. Asubuhi na jioni lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Inua kiuno taratibu, hesabu hadi tano, shusha. Rudia mara kumi. Maumivu yakizidi kushuka mguuni, acha, umwone mtaalamu wa fiziotherapia. Watu wa nyumbani nao wasaidie: dumu la lita 20 ni kilo 20, ligawanywe mara mbili, na jembe litiwe mpini mrefu.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya kiuno yaliyodumu zaidi ya miezi 3. Limeweka mbele elimu kwa mgonjwa na mazoezi; mikanda ya kiuno na kuvutwa mgongo halikuvipendekeza. Msitumie fedha ya chakula kununua mkanda.

Sindano za diklofenaki zimezoeleka mno, na jambo hili linatuumiza. Dawa hiyo hutuliza, lakini ikitumiwa ovyo huchimba vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Mjamzito, mwenye presha au mwenye vidonda vya tumbo asiitumie kabla ya kumwona mganga wa zahanati.

Kuna maumivu ambayo si ya jembe. Yakizidi usiku, pamoja na homa, jasho na kukonda, huenda ni kifua kikuu cha mgongo, ugonjwa unaokula pingili. Kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi huenda ni brusela. Yote mawili hutibiwa kwa dawa zinazomezwa kwa muda mrefu, na dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Mgonjwa akipelekwa kwanza kuchanjwa chale, pingili zinaendelea kuliwa.

Mgonjwa akishindwa kukojoa, akijisaidia bila kujijua, akifa ganzi sehemu za siri au miguu ikilegea ghafla, msingoje kukuche. Vivyo hivyo kwa aliyeanguka shimoni: abebwe amenyooka juu ya ubao. Mpelekeni Hospitali ya Wilaya ya Handeni au Hospitali ya Magunga, Korogwe, usiku huohuo; huyo ndiye anayeweza kuhitaji kisu, na kila saa inayopita inampunguzia nafasi ya kutembea tena.