Isimujamii ya Kuomba Msaada: Mwanafunzi wa Tarakilishi na Mhadhiri Wake katika Ukanda wa Ziwa Viktoria

1. Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Methali hii inafaa kutajwa pia katika maabara ya tarakilishi. Mwanafunzi aliyekwama katika somo la uandishi wa programu ana njia mbili: kulifichua tatizo lake mbele ya anayeweza kulitatua, au kulifunika kwa kunakili kazi ya mwenzake. Njia ya pili humpa alama za zoezi na kumnyima ujuzi. Siku ya mtihani huwa peke yake na karatasi tupu. Makala hii inachunguza ni kwa nini njia ya kwanza huwa ngumu. Inadai kwamba sehemu kubwa ya ugumu huo ni ya kilugha, na kwamba kwa sababu hiyo wanafunzi wa Kiswahili wana mchango wa kutoa katika jambo linalodhaniwa kuwa la wanasayansi pekee.

2. Mazingira ya Lugha

Chuo Kikuu cha Maseno kiko takriban kilomita 25 kutoka jijini Kisumu, kando ya barabara iendayo Busia, karibu na mstari wa Ikweta. Kilichipuka kutokana na Chuo cha Mafunzo ya Serikali cha Maseno na Chuo cha Ualimu cha Siriba. Mwaka 1990 kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2001 kikawa chuo kikuu kamili. Chenyewe nacho kilizaa: chuo kishiriki kilichoanzishwa Bondo mwaka 2009 kilipata hati yake mwaka 2013, na sasa ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga. Taaluma ya tarakilishi hufundishwa katika vyuo vyote viwili.

Maseno iko mpakani. Upande mmoja ni Wajaluo wa Kisumu na Siaya. Upande wa pili ni Wanyore na Waluhya wengine wa Vihiga. Wanafunzi nao hutoka pembe zote za Kenya. Kwa hiyo mwanafunzi mmoja huweza kumwambia jirani yake kwa Dholuo, "Omera, konya," yaani ndugu yangu, nisaidie. Akataniana na kikundi chake kwa Sheng. Akamsalimu fundi wa maabara kwa Kiswahili. Kisha akatakiwa kumweleza mhadhiri shida yake kwa Kiingereza, lugha ya mihadhara, ya vitabu na ya maneno ya msingi ya programu zenyewe.

Carol Myers-Scotton, katika utafiti wake kuhusu kubadili msimbo barani Afrika uliochapishwa mwaka 1993 na uliotumia data nyingi kutoka Kenya, alionyesha kwamba kuchagua lugha ni kutangaza haki na wajibu uliopo baina ya wazungumzaji. Kwa mwanafunzi huyu, Dholuo hutangaza udugu ilhali Kiingereza hutangaza mtihani. Anapovuka kizingiti cha ofisi na kuanza kwa Kiingereza, huweza kuhisi kwamba tayari anasahihishwa. Hofu hiyo huwafanya wengi waishie mlangoni. Kiswahili, ambacho Katiba ya mwaka 2010 ilikitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kinaweza kuwa daraja: kina heshima ya ofisi bila kuwa na sura ya mtihani.

3. Uso na Taarifa

Ombi la msaada lina madai mawili yanayovutana. La kwanza ni la uso. Kwa mujibu wa Brown na Levinson (1987), kila mtu ana uso chanya, yaani haja ya kuthaminiwa, na uso hasi, yaani haja ya kutoingiliwa. Anayeuliza huhatarisha uso chanya wake mwenyewe kwa kukiri asilolijua, na huugusa uso hasi wa mhadhiri kwa kumdai muda. La pili ni dai la taarifa. Grice (1975) alieleza kwamba mazungumzo hufanikiwa pale wazungumzaji wanapozingatia kiasi, ukweli, uhusiano na utaratibu wa wanayoyasema.

Mwanafunzi mwenye hofu huitumikia haja ya kwanza hadi akaisahau ya pili. Linganisha kauli mbili zifuatazo, ambazo zimetungwa kwa ajili ya makala hii:

(a) "Habari za asubuhi, Mwalimu. Samahani sana kwa kukusumbua, najua una shughuli nyingi, na pengine swali langu ni la kijinga. Ile programu imekataa."

(b) "Habari za asubuhi, Mwalimu. Naomba dakika tano kuhusu zoezi la tatu. Programu inapaswa kujumlisha alama za wanafunzi kumi. Inatafsirika bila kosa, lakini jumla inayotoka ni ya wanafunzi tisa. Nilipoijaribu kwa wanafunzi wawili, ilinipa alama za mmoja. Nashuku sharti la kitanzi, ila sijui nilirekebishe vipi."

Kauli (a) imejaa adabu lakini haina swali. Kauli (b) haijapungukiwa na adabu: ina salamu, ina jina la heshima, na ina "naomba" badala ya amri. Isitoshe, inaheshimu muda wa mhadhiri kwa vitendo, kwa kuwa imempa kila anachohitaji. Mhadhiri ataliangalia sharti la kitanzi na kuona kwamba kinakoma hatua moja kabla ya wakati wake. Katika muktadha huu, basi, usahihi wenyewe ni sehemu ya adabu.

4. Tatizo la Kitenzi "Kukataa"

Kauli "programu imekataa" inastahili kutazamwa kwa makini, kwani husikika mno. Kitenzi kukataa humhitaji mtendaji mwenye hiari. Programu haina hiari. Hutekeleza ilichoamriwa, hata kama si alichokusudia mwandishi wake. Tashihisi hii humwondolea mwanafunzi lawama, lakini pia huficha hali nne zilizo tofauti kabisa:

(i) Programu haitafsiriki: sarufi ya msimbo ina kosa, hivyo haikuanza kamwe.
(ii) Programu inakatika: ilianza, kisha ikasimama njiani.
(iii) Programu haikomi: imenaswa katika kitanzi kisicho na mwisho.
(iv) Programu inakosea: ilifika mwisho lakini jibu lake si sahihi.

Kila hali ina tiba yake. Kiswahili kimejaliwa vitenzi vya kuzitofautisha, na kauli ya kutendeka, kama katika haitafsiriki na inakatika, hueleza hali ya kitu bila kukipa hiari wala kumlaumu mtu. Mwanafunzi anayechagua kitenzi kinachofaa amekwisha kuanza uchunguzi kabla ya kufika ofisini.

5. Muundo wa Swali Lililokamilika

Kutokana na uchanganuzi huu, swali lililokamilika lina sehemu tano: salamu na utambulisho wa zoezi, lengo la programu, kilichotokea, yaliyojaribiwa, na mahali hasa mwanafunzi alipokwama.

Ujumbe wa kosa unaotolewa na mashine unukuliwe neno kwa neno, katika lugha yake, bila kufasiriwa. Sababu ni ya kiufundi. Katika lugha ya C, kwa mfano, nukta-mkato ikisahaulika mwishoni mwa mstari wa 12, mara nyingi kosa hutangazwa katika mstari wa 13. Anayesema tu kwamba "mstari wa 13 una shida" humpeleka msaidizi wake mahali pasipo na kosa. Mistari iliyotangulia nayo sharti ionyeshwe.

Mpangilio wa wasaidizi pia una mantiki yake. Mwenzi wa kikundi hufaa kwa hitilafu ndogo. Fundi wa maabara kwa mashine na mtandao. Mhadhiri, katika saa alizotenga, kwa dhana ambayo haijaeleweka. Barua pepe nayo iwe na kichwa kinachotaja somo na zoezi, kwa maana mhadhiri wa darasa kubwa hawezi kumtambua mwandishi kwa jina pekee.

6. Wajibu wa Mhadhiri

Mazungumzo ni ya watu wawili. Mhadhiri anayejibu "hili ni rahisi" huenda amekusudia kutia moyo, lakini mwanafunzi husikia kwamba ameshindwa na jambo rahisi. Uso wake huanguka na harudi tena. Swali "Ulitarajia nini kitokee?" huanzisha maelezo bila kuaibisha. Vilevile mhadhiri anaweza kuruhusu tatizo lielezwe kwanza kwa Kiswahili, kisha istilahi za Kiingereza zifuate. Hilo halipunguzi kiwango cha taaluma: anayeweza kulieleza kosa lake kwa lugha mbili amelielewa zaidi.

7. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba kimya cha mwanafunzi wa tarakilishi si uvivu wala ujinga tu. Aghalabu ni ukosefu wa rejista ya kuombea msaada. Rejista hufundishika. Idara za Kiswahili, ambazo tayari hufundisha stadi za mawasiliano, zinaweza kushirikiana na idara za tarakilishi kuwaandaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa somo hili kabla ya majaribio ya kwanza kuwafikia. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini hata kuuliza kwenyewe sharti kufunzwe.

Maswali ya Mjadala

1. Kusanya kauli tano ambazo wanafunzi wenzako hutumia kuomba msaada, kisha uzichanganue kwa kaida za Grice.
2. "Usahihi ni sehemu ya adabu." Jadili dai hili kwa kurejelea nadharia ya uso.
3. Pendekeza vitenzi vingine vya Kiswahili vinavyoweza kuchukua nafasi ya "kukataa" katika kueleza hitilafu za mashine.