Silinda Iliyolika Haiponi kwa Ringi Mpya

Gari likianza kutoa moshi wa samawati na kula mafuta ya injini, aghalabu mwenyewe huambiwa, "Hii ni ringi tu." Analipa, injini inafungwa, na baada ya muda si mrefu moshi unarudi palepale. Ringi mpya haina hatia. Yenyewe ni duara, lakini silinda imekwisha kuacha kuwa duara, na hakuna aliyeipima.

Silinda hailiki sawasawa. Hulika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapoishia safari yake, kwa kuwa hapo joto ni kali, msukumo wa gesi ni mkubwa na mafuta ni haba. Kichwa cha injini kikishatolewa, pitisha ukucha karibu na mdomo wa silinda. Ukikwama penye ukingo, basi ukingo huo ndio ukuta wa zamani ambao ringi haikuufikia. Tena pistoni huegemea upande mmoja zaidi inaposukumwa chini, na kwa hivyo tundu hugeuka umbo la yai.

Fundi mwenye pesa ana saa ya kupimia silinda. Asiyekuwa nayo atumie fila geji na ringi moja. Tia ringi peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima pengo kati ya ncha zake. Pima chini, halafu juu, chini kidogo ya ule ukingo. Hapa ile Hesabu ya duara tunayoilalamikia darasani inafanya kazi: mzingo ni kipenyo mara 3.14. Tuseme pengo la chini ni milimita 0.30 na la juu 0.93. Tofauti ni 0.63, gawanya kwa 3.14 upate 0.20. Kipenyo cha juu kimeongezeka kwa kiasi hicho, takriban unene wa karatasi mbili za daftari! Kwa injini ndogo kama Toyota 4K, yenye silinda za milimita 75, hiyo yatosha kuipeleka bloku ikachongwe.

Pistoni nayo usiipime kichwani. Kichwa hutengenezwa chembamba makusudi kwa sababu ndicho kinachopata moto na kutanuka zaidi. Pima sketi yake, kukingama pini. Kisha safisha mifereji, tia ringi mpya, uingize fila geji kando yake. Nafasi ikizidi, pistoni hiyo itapandisha mafuta juu kama pampu.

Mwisho weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa bloku, utazame kama mwanga unapenya chini yake, na utafute nyufa kati ya silinda na silinda. Bloku ikiwa nzima, nunua pistoni za saizi kubwa kwanza, umpelekee mchongaji azipime mwenyewe kabla hajagusa chuma.