SOMO LA BIOLOJIA: MIMEA YETU KATIKA GHALA ZA INTANETI



Mwezi huu sisi wa kikundi cha biolojia tunawaletea somo juu ya jambo ambalo wengi wanalisikia lakini hawalijue vizuri. Ulizo letu ni hili: mtu akitaka kujua ni miti na majani gani inaota katika eneo letu, ataulizia wapi? Wazee wanajua mengi, lakini wazee wanaondoka mmoja mmoja. Vitabu ni vichache, na vile vilivyoko ni vya bei kali. Sasa kuko njia ya tatu: ghala za habari zilizo katika intaneti. Katika Kiswahili sanifu wanaziita hifadhidata. Sisi tutasema tu ghala, kwa sababu kazi yake ni ile ile ya ghala la mahindi: kuingiza, kupanga, kulinda, na kutoa wakati wa haja.

1. KARATASI ILIYO NYUMA YA MASHINI

Wengine wanafikiri habari ya ghala inatoka ndani ya mashini yenyewe. Hapana. Inatoka kwa mtu aliyetembea porini. Mtu huyo alikata tawi lenye maua au matunda, akalikandamiza katikati ya magazeti, akalikausha, akalishonea kwenye karatasi ngumu. Pembeni akabandika etiketi: jina la mkusanyaji, namba yake, tarehe, mahali, urefu wa mahali juu ya bahari, rangi ya ua, na mara nyingi jina ambalo watu wa pale wanaitumia. Nyumba inayolinda karatasi kama hizo inaitwa herbariumu.

Inchi yetu iko na herbariumu. Ile kubwa zaidi iko Yangambi, kando ya mto Kongo, kilometa 100 hivi chini ya Kisangani. Pale Wabelgiji walianzisha INEAC mwaka wa 1933, na leo ni kazi ya INERA. Inalinda karatasi kadiri ya 150.000. Kule Lwiro, katika Kivu ya Kusini, kuko nyingine. Lakini karatasi nyingi za Kongo ziko mbali: ziko Meise, karibu na Brussels, katika bustani ya mimea yenye karatasi kadiri ya milioni 4 za inchi mbalimbali. Zamani mkusanyaji alikata matawi mawili matatu ya mti mmoja, akaacha moja hapa na kutuma mengine Ulaya. Hivi mti mmoja wa Yangambi unaweza kuwa na ndugu yake Meise.

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Bukavu au wa Goma hakuweza kuona karatasi hizo bila kupanda ndege. Kati ya 2015 na 2018 watu wa Meise walipiga picha karatasi zaidi ya milioni moja za mimea ya Afrika na ya Ubelgiji, wakaziweka katika intaneti. Tangu hapo mtu mwenye telefone anaweza kuona tawi lililokatwa Kivu mwaka wa 1930 na kusoma etiketi yake. Karatasi yenyewe haijarudi nyumbani, hilo tulijue. Lakini habari yake imerudi kiasi, na ni sisi wa kuitumia.

2. GHALA GANI ZIKO?

Ziko nyingi. Tutaje tano, kila moja na kazi yake.

a) Ghala ya mimea ya Afrika iliyo mikononi mwa bustani ya Genève, Uswisi, pamoja na taasisi ya Afrika ya Kusini inayoitwa SANBI. Kazi yake kubwa ni majina: jina gani linakubaliwa leo, na majina gani ya zamani yanaonyesha mmea ule ule.

b) Plants of the World Online ya Kew, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka wa 2017. Hii inaonyesha majina na inchi ambamo kila mmea unaota.

c) GBIF, iliyoanzishwa mwaka wa 2001, na ofisi yake iko Copenhagen. Hii haina karatasi yake yenyewe. Inakusanya habari za herbariumu nyingi za dunia na kuzionyesha kama nukta juu ya karte.

d) RAINBIO, iliyotangazwa mwaka wa 2016. Wataalamu walichukua habari za mimea ya Afrika ya joto, wakazisafisha: zaidi ya nukta 600.000 za aina zaidi ya 25.000.

e) Pl@ntNet na iNaturalist. Hizi zinapokea picha za watu wote, hata za wanafunzi. Unapiga picha ya ua, mashini inapendekeza jina, na katika iNaturalist watu wengine wanalihakikisha au kulisahihisha. Lakini mashini ilijifunza sana kwa mimea ya Ulaya na Amerika, na kwa mimea yetu inapotea mara nyingi. Tuchukue jibu lake kama ulizo, si kama hukumu.

3. JINA LINAPOBADILIKA

Hapa wengi wanashindwa. Wanaandika jina walilolikuta katika kitabu cha zamani, ghala inatoa jina lingine, wanafikiri ni kosa.

Tuchukue mianzi ya milima yetu, ile inayoota kule juu Kahuzi. Mwaka wa 1895 iliitwa Arundinaria alpina. Baadaye vitabu vingine viliandika Yushania alpina, vingine Sinarundinaria alpina. Tangu 2013 inaitwa Oldeania alpina. Mianzi haikubadilika hata kidogo! Walioichunguza ndio waliona kwamba si ya jamaa waliyoiweka kwanza. Sehemu ya pili ya jina, alpina, ilibaki, na hii inasaidia kuifuata njia yake.

Mfano wa pili ni mti ambao ganda lake linanunuliwa katika milima ya Kivu na kutumwa Ulaya kutengeneza dawa ya ugonjwa wa prostate kwa wazee wanaume. Wafanyabiashara wengi bado wanasema Pygeum, kwa sababu jina la zamani lilikuwa Pygeum africanum. Tangu 1965 wataalamu wanaandika Prunus africana. Mtu akitafuta kwa jina moja tu, bila kuangalia kama ghala inaunganisha majina yote mawili, atapata nusu ya habari.

Na hii si mchezo wa majina. Tangu 1995 mti huo uko chini ya mkataba wa CITES. Mkataba unataka inchi inayouza ganda ionyeshe kwamba biashara haiharibu aina ile. Itaonyesha namna gani, kama haijui mti unaota wapi na ni mingi kiasi gani? Pasipo habari, mambo mawili yanaweza kutokea: au mti unamalizika, au biashara inafungwa na mkulima anakosa franka zake. Yote mawili ni hasara kwetu.

4. MAHALI PANAPOPOTEA

Ulizo la pili la ghala ni: wapi? Hapa watoto wa Kongo wanaweza kusaidia kuliko mtu wa Ulaya.

Etiketi za zamani zimejaa majina yaliyokwisha kubadilika. Costermansville ni Bukavu. Albertville ni Kalemie. Stanleyville ni Kisangani. Inchi yenyewe iliitwa Kongo ya Wabelgiji mpaka 1960, na Zaire toka 1971 mpaka 1997. Tena, jimbo la Kivu liligawanywa kuwa matatu mwaka wa 1988. Kwa hiyo etiketi ya 1950 inayosema "Kivu" inaweza kuwa na maana ya Maniema. Na majina ya vijiji vidogo na vijito, nani atayajua kama si mtu wa pale?

Kuko pia hatari ya hesabu. Bukavu iko kadiri ya digri 2,5 kusini ya ikweta. Katika ghala kusini inaandikwa kwa alama ya kutoa: -2,5. Mwandishi akisahau kale kamstari kadogo, mmea wa Bukavu unaruka ikweta na kuanguka upande wa Mungbere, huko Haut-Uélé. Digri moja ni kilometa 111 hivi, basi mmea umesafiri zaidi ya kilometa 550 bila miguu. Ndiyo sababu tunasema: nukta juu ya karte si ushahidi kamili. Fungua nukta, soma etiketi, angalia picha, uone nani alitoa jina na mwaka gani.

5. MMEA MMOJA NA UOTO WOTE

Tusichanganye mambo mawili. Orodha ya mimea inajibu: ni aina gani ziko? Karte ya uoto inajibu: zinaishi pamoja namna gani? Ni msitu mzito, ni miombo, ni majani marefu, ni mianzi?

Karte ya uoto ya Afrika nzima inayojulikana sana ni ile ya Frank White, iliyotolewa na UNESCO mwaka wa 1983. Inafaa kwa kuona bara zima, lakini mlima wetu mmoja ndani yake ni kama punje ya mchele. Baadaye watu wa chuo cha Copenhagen na wa kituo cha miti ya mashamba cha Nairobi walitengeneza karte yenye ukaribu zaidi kwa inchi saba: Ethiopia, Kenya, Malawi, Rwanda, Tanzania, Uganda na Zambia. Inaonyesha uoto ambao ungekuwa mahali fulani kama watu wasingeugeuza, na miti gani inafaa pale. Mkulima anayetaka kupanda miti ya asili anaweza kuitumia kuchagua.

Angalieni vizuri orodha ile: Rwanda iko ndani, Kongo haiko. Karte inakatika kwenye mpaka, lakini mvua na udongo havikatiki pale. Ng'ambo ya ziwa Kivu kumepakwa rangi, kwetu hakuna rangi.

Setelite nazo zinapiga picha ya misitu, na zinaona haraka mahali palipokatwa miti. Lakini toka kule juu setelite haiwezi kusema jina la kila jani lililo chini ya miti. Kazi hiyo inabaki ya miguu na macho.

6. MAHALI PASIPO NUKTA

Hili ndilo tunataka mlishike zaidi. Ukifungua karte ya nukta ya Kongo, utaona zimejaa pembeni ya Yangambi, Bukavu, Lubumbashi na barabara kubwa, na sehemu kubwa ni tupu. Je, kule hakuna mimea? Iko! Ni wakusanyaji hawakufika. Wengi walifanya kazi mbele ya 1960. Baadaye kazi ilipungua sana, na vita viliongeza ugumu.

Utupu huo una hatari. Mtu anayetaka kufungua karieri au barabara anaweza kusema: "Angalieni, hakuna kitu cha maana hapa." Katika vilima vya shaba vya Katanga tuko na mfano. Kwa kuwa watu walikusanya na kuandika, leo tunajua kwamba mimea kadiri ya 30 inaota juu ya udongo ule wa shaba tu na haipatikani pengine duniani. Kwa hiyo kilima kinapochimbwa, watu wanaweza kuulizia mbegu ziokolewe. Kilima kisichoandikwa hakina wa kukisemea.

7. SISI TUFANYE NINI?

Tusingoje mashini nyingi. Haya yanawezekana hapa shuleni:

– Kukausha mimea ya karibu na shule katikati ya magazeti, kubadilisha magazeti kila siku mpaka ikauke, na kuandika etiketi siku ile ile, si juma linalofuata.
– Kuandika jina la lugha ya nyumbani pamoja na kabila na kijiji, na kumwomba mzee ruhusa mbele ya kuandika dawa yake. Kuko siri ambayo si yetu kuitangaza.
– Kupima mahali kwa telefone. GPS ya telefone inafanya kazi bila mega, kwa sababu inasikia setelite tu.
– Kutokata kitu katika parke bila ruhusa, na kutong'oa mmea ulio peke yake.
– Kutotangaza mahali kamili pa mmea unaotafutwa na wezi. iNaturalist yenyewe inaficha mahali pa aina zilizo hatarini.
– Kuhusu mega: mmoja afungue ukurasa, aandike habari kwa kalamu, na kaye ipite kwa wote. Maneno yanakula mega kidogo. Picha zinakula nyingi.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Kwa nini tawi lisilo na etiketi halifai kitu katika herbariumu?
2. Mmea umeandikwa kwa majina mawili katika vitabu viwili. Utafanya nini mbele ya kusema ni mimea miwili?
3. Etiketi inasema "Albertville, 1948". Utatafuta wapi juu ya karte ya leo?
4. Eleza tofauti ya orodha ya mimea na karte ya uoto.
5. Taja mmea mmoja wa kijiji chako. Tafuta kama uko na nukta pale kwenu. Kama hauko, nani ataiweka?

Ulizo la tano halina jibu katika kitabu. Mtuletee majibu yenu darasani, pamoja na tawi lililokauka na etiketi yake.