SOMO: KUTAZAMA MICHEZO YA MAPENZI YA KITHAI

Katika somo hili twataka kuzungumzia jambo lililoingia nyumbani mwetu hapa Sibwesa bila kubisha hodi, nalo ni michezo ya mapenzi kutoka Thailand. Wako wazee wasemao kwamba huo ni upuuzi wa vijana, tuuache upite. Sisi hatukubaliani nao. Kitu kinachomfanya mama wa watoto sita, aliyeshinda shambani akipalilia mahindi, akeshe mpaka saa tano za usiku akifuta machozi kwa pindo la khanga, hicho si upuuzi. Chastahili kusomwa kama tusomavyo kitabu.

Tuanze na jinsi kilivyotufikia. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973. Sisi wa Bara tukangoja mpaka 1994. Filamu za kigeni zilikuja kwa lugha tusizozijua, na hapo ndipo walipotokea watafsiri wetu. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kusimulia filamu hizo kwa Kiswahili katika vibanda vya video. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha mchezo wa Kichina wa Mau Doudou na mama wakwe zake, ukiwa umetiwa sauti za Kiswahili, na watu wakaupenda hata Rais Xi Jinping wa China akautaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Kisha Azam wakatuletea Sultan wa Waturuki. Lakini michezo ya Kithai, kwa sehemu kubwa, sisi tumeipata kwa mlango wa nyuma: kwa flashi na kadi za simu zijazwazo madukani Mpanda mjini, tena ikiwa na sauti ya mtafsiri mmoja anayewasemea wote, bibi na mjukuu, bwana harusi na bibi harusi. Hutazamwa kwa umeme wa jua, na mwenye skrini hakosi wageni.

Huko kwao mchezo wa namna hii huitwa lakhon, neno la zamani la maigizo ya jukwaani. Huonyeshwa jioni, na kila sehemu ni ndefu, yapata saa mbili pamoja na matangazo. Hauendi miaka na miaka kama ile ya Marekani. Baada ya majuma kadhaa umekwisha. Hadithi nyingi hutolewa katika riwaya, nazo huigizwa upya kila kizazi na waigizaji wapya, kama vile sisi tusivyochoka na ngano ya Sungura na Fisi.

Na kwa nini watu wetu wanalia? Twadhani ni kwa sababu wanajiona humo. Kijana wa Kithai hukunja viganja pamoja na kuinama amsalimupo mkubwa wake; asiye na adabu hiyo hujulikana mara moja kwamba ndiye mbaya wa hadithi. Kuna mama mkwe asiyemtaka mkaza mwana kwa kuwa ametoka nyumba ya kimaskini. Kuna ndugu wanaogombea shamba la marehemu baba yao. Kuna mvua, mpunga, na chakula kinacholiwa pamoja. Mtu wa Katavi hahitaji kuelezwa mambo hayo. Machozi yenyewe, basi, hatuna ugomvi nayo. Anayeweza kumlilia msichana wa mbali asiyemjua bado ana moyo hai.

Ugomvi wetu uko mahali pengine. Tuchukue mchezo mmoja, uitwao Sawan Biang, ulioonyeshwa mwaka 2008 na Chaneli ya 3 ya Thailand, wakiigiza Theeradeth Wonpuapan na Ann Thongprasom. Kijana Kawee anamchukia mke mpya wa baba yake. Mke huyo ana mdogo wake, Narin, msichana mpole asiye na kosa lolote. Kawee, kwa kulipiza kisasi, anamtenda Narin kwa nguvu. Narin anapata mimba. Halafu hadithi yageuka: Kawee anajuta, anateseka, na mtazamaji anaanza kumwonea huruma yeye. Mwishowe wawili hao wanakuwa wapenzi, na kila mtu ndani ya chumba anashusha pumzi ya furaha.

Huu si mchezo mmoja wa ajabu. Ni njia iliyokanyagwa sana katika michezo ya kule: mwanamume ampiga binti au amteka, kisha ampenda. Wathai wenyewe wameona hatari yake, na mwaka 2014 maelfu yao walitia sahihi ombi la kutaka televisheni ziache kuupamba ubakaji kana kwamba ni mahaba. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba hizo ndizo mila zao na sisi hatuzielewi.

Hapa twapenda kuwapa wasomaji zoezi, maana mwalimu hata akistaafu haachi kutoa mazoezi. Mchezo ukifika mahali kama hapo, zima sauti. Tazama picha peke yake kwa dakika tano. Utaona mwanamume mwenye nguvu amemshika mkono msichana anayejivuta kutoka kwake. Utaona mlango unafungwa. Utaona uso wa msichana. Kisha rudisha sauti. Kinanda kinapigwa polepole, mwimbaji analalamika kwa huzuni ya mapenzi, na yale yale uliyoyaona yamekuwa kitu kingine. Muziki ndio uliokuambia umhurumie nani.

Na kwetu kuna jambo la pili, la mtafsiri. Katika nakala moja tuliyoitazama, msichana akilia na kusihi, mtafsiri alitia mzaha wake, na vijana waliokuwepo wakaangua kicheko. Kilio kile hakikutafsiriwa hata kidogo. Mtafsiri ni kama mkalimani wa barazani: asipolisema neno la mnyonge, mnyonge hakusema kitu. Twawaheshimu watafsiri kwa ufundi wao, maana kusemea watu kumi peke yako si kazi nyepesi. Ila katika hili wametukosea.

Sasa mtu atauliza, je, hadithi inaweza kumdhuru nani? Tutoe jibu kwa kuitazama nyumba yetu. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wasichana 27 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Katika Mkoa wa Katavi walikuwa 45, na hakuna mkoa uliotuzidi. Hatusemi kwamba wote walilazimishwa, wala hatusemi kwamba televisheni ndiyo iliyoleta hali hiyo. Ilikuwapo kabla ya flashi. Twasema kwamba hadithi hii imeangukia ardhi iliyokwisha kulimwa.

Maana sisi nasi tunao mwisho kama ule wa Kawee. Binti akiharibiwa, wazee wa pande mbili hukaa usiku, ng'ombe hutajwa, na kijana huambiwa amwoe. Watu hutoka wakisema jambo limekwisha, aibu imefunikwa. Tofauti ni kwamba hakuna kinanda. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 haimalizi mambo namna hiyo: adhabu ya kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30, na ndoa ya baadaye haifuti kosa. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikaongezwa kifungu cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi. Na tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua ameruhusiwa kurudi shuleni, hivyo ile hoja ya kwamba "hana pa kwenda ila kuolewa" imepoteza mguu mmoja.

Wasomaji wetu wanaijua habari ya Amnoni na Tamari katika Samweli wa Pili, mlango wa 13. Amnoni naye alisema anapenda. Alipenda mpaka akakonda. Lakini mwandishi hakumpigia kinanda. Ametuandikia kwamba baada ya kumtenda Tamari kwa nguvu, chuki yake ilizidi mapenzi yale ya kwanza, akamfukuza na kufunga mlango. Tena ametuandikia maneno ya Tamari mwenyewe, jinsi alivyomkataza na kumweleza, jambo ambalo mtafsiri wetu wa flashi hakulifanya. Na baba yao Daudi? Alikasirika sana, basi. Hasira isiyofuatwa na tendo lolote tunaifahamu, tumeiona kwenye vikao vyetu. Wengine watatutajia Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, pale aliyemshika msichana anapotakiwa kumwoa. Ndiyo, imo, lakini ilimbana mwanamume asimwache msichana bila riziki katika jamii ambayo asiye na mume alikufa njaa. Haikuitwa mapenzi.

Hatushauri mtu atupe flashi yake mtoni. Ukizikataza, zitatazamwa kichakani kwenye simu ndogo, na hapo hakuna mkubwa wa kuuliza swali. Afadhali mama na binti watazame pamoja, na baba akiweza naye akae, hata kama atajifanya anasinzia. Binti akisema, "Lakini mama, si anampenda?", mama asimkemee. Amwulize: Narin aliambiwa lini achague? Angesema hapana, nani ndani ya hadithi angemsikia? Kawee angekuwa kijana wa hapa, mwenye pikipiki, akamfungia mtoto wa jirani ndani ya kibanda cha shamba, ungetaka tumpeleke kwa mchungaji akafunge ndoa au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi?

Kwa wale wa vikundi vya masomo, someni mlango ule wa Samweli mpaka mwisho, kisha kila mmoja aseme ni mchezo gani ameutazama mwaka huu ambao binti alikataa na akasikilizwa. Andikeni majina ya michezo hiyo, mtuletee. Tungependa kuitazama.