SOMO LA MWEZI: Injinia Kijana na Sahihi Yake

Kila mwaka vijana wetu kadhaa humaliza masomo ya uhandisi wa kemikali, wengine kutoka Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, wakaandikwa kwenye viwanda vya sukari, sabuni au saruji. Wazazi hufurahi, kanisani tunatoa shukrani. Lakini ni wachache wanaomwambia kijana mambo yanayomngoja huko ndani. Leo tuangalie jambo moja tu: sahihi yake.

Tuchukue mfano. Injinia wa miezi sita yuko shifti ya usiku katika kiwanda kinachotengeneza spiriti kwa molasi. Tangi la kuchachishia limemwagwa, linataka kuoshwa. Bosi amepiga simu: asubuhi liwe tayari. Vijana wa kibarua wameshika ndoo na mafagio. Karatasi ya ruhusa iko mezani. Mzee wa shifti anamwambia, "Injinia, tia sahihi tu. Kazi hii tumeifanya miaka mingi." Afanye nini?

Kwanza tuelewe hatari yenyewe. Hamira ikila sukari ya molasi hutoa spiriti pamoja na gesi ya kaboni dioksaidi. Gesi hii haina rangi, nayo ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo hutulia chini hata tangi likiwa tupu. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikiwa chini ya 19.5, mtu asiingie bila kifaa cha kupumulia. Anayeshukia gesi nyingi huanguka ghafla, hata kupiga kelele hawezi. Mwenzake akikimbia kumwokoa, naye huanguka papo hapo. Ndivyo nyumba mbili tatu hupata msiba siku moja.

Kabla ya kutia sahihi, injinia ahakikishe:
1. Valvu zote za tangi zimefungwa kwa kufuli, na umeme wa mashine ya kukoroga umekatwa.
2. Feni imepuliza hewa safi mpaka chini kabisa.
3. Hewa imepimwa kwa kipimo, juu, katikati na chini. Si kwa pua.
4. Anayeingia amevaa mkanda wenye kamba.
5. Mlinzi amesimama mlangoni. Huyu hashuki kamwe. Kazi yake ni kuvuta kamba na kuita msaada.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, kule Bhopal, India, gesi ya sumu ilitoka kwenye kiwanda cha dawa za wadudu ikaua maelfu ya watu. Mtambo wa kupoza tangi ulikuwa umezimwa, na mitambo mingine ya kuzuia gesi haikuwa tayari.

Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, naye asilazimishwe kurudi pale kabla hatari haijaondolewa.

Hatusemi ni rahisi. Kijana ana mkopo wa chuo, ana wadogo zake wa kusomesha, na mkataba wake ni mfupi. Lakini kukataa si lazima kuwe ugomvi. Aseme, "Mzee, nisaidie. Tupime kwanza, halafu tuingie pamoja na baraka yako." Wazee wa shifti wanajua pampu kwa mlio wake, asiwadharau. Na alichokiona akiandike kitabuni, tarehe na saa, kisha amwarifu bosi.

Tusome Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwenye kujenga nyumba aliagizwa aweke ukingo kwenye dari, mtu asije akaanguka. Ukingo huwekwa kabla ya mtu kuanguka, si baada ya mazishi. Nasi huku nyumbani, kabla ya kumshusha mtu kisimani au kwenye shimo la choo, tukumbuke kanuni ni ile ile.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Kwa nini mlinzi wa mlangoni hatakiwi kushuka?
2. Kijana wetu akifukuzwa kwa kukataa kutia sahihi, sisi tutamsaidiaje?
3. Ni visima gani kijijini kwetu hushukiwa bila kamba?