TUANDIKE BARUA, TENA TUZITUNZE



Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Barua nazo ni mali. Katika somo hili tutazame desturi ambayo wengi wetu tumeiacha: kuandika barua na kuzifuatilia.

1. Barua zilizotoka Mamboya

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 wamisionari wa CMS waliokaa Mamboya, mmoja wao Joseph Last, walipeleka habari zao London kwa barua. Matarishi walizichukua kwa miguu mpaka pwani, ndipo zikapakiwa melini. Zilipofika ofisini zilipewa namba, na maneno yake yakaandikwa kwa kifupi katika daftari. Majibu nayo yalinakiliwa. Ndiyo maana zipo hata leo, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza.

Lakini barua hizo zinaeleza mambo jinsi mgeni alivyoyaona. Je, Wakaguru waliobatizwa, waliofundisha na kujenga makanisa, waliyaonaje? Asiyeacha barua husemewa na wengine.

2. Barua za Mtume Paulo

Someni 1 Wakorintho 5:9. Paulo anataja barua aliyokwisha kuwaandikia, nasi leo hatunayo. Kisha someni Wakolosai 4:16. Anaagiza makanisa yapelekeane barua zisomwe. Zile zilizotunzwa ndizo zinazotulisha hata sasa.

3. Hasara yetu

Siku hizi tunapiga simu au tunatuma ujumbe. Si vibaya, lakini simu ikipotea, mara nyingi maneno nayo hupotea. Mzee aliyetoa kiwanja cha kanisa akifariki, watoto wake wakauliza, "Baba alitoa lini, mbele ya nani?", tutawaonyesha nini? Kijana wetu akitaka kufunga ndoa Dar es Salaam, kasisi wa huko akaandika kuuliza habari za ubatizo wake, barua ikalala mfukoni mwa mtu, arusi itakwama.

4. Tufanye nini?

(a) Kila barua iwe na mahali, tarehe na jina kamili la mwandishi.

(b) Tubaki na nakala.

(c) Kila kanisa liwe na daftari la barua: namba, tarehe ya kuingia, imetoka kwa nani, yahusu nini, imejibiwa lini. Jibu likikosekana, mahali pake patabaki wazi, nasi tutaona.

(d) Tuziweke katika sanduku la bati, juu ya meza au rafu, mbali na mchwa na unyevu.

(e) Wazee wangali hai. Vijana wawaandikie habari zao, wawasomee, kisha waweke tarehe.

Maswali ya kujadiliana

1. Barua ya zamani kuliko zote katika kanisa letu iko wapi, na nani anaitunza?

2. Ni barua gani hatujajibu bado?

3. Nani atashika daftari, na akihama atamkabidhi nani?