Somo la Nyumbani: Kusafisha Zulia kwa Gharama Ndogo



Kwanza, lijue zulia lako. Chomoa uzi mmoja, uuchome nje ya nyumba. Ukinuka kama nywele zilizoungua, ni sufu. Ukiyeyuka na kuwa kidonge kigumu, ni nailoni au jamii yake. Sufu isioshwe kwa maji ya moto, maana husinyaa.

Pili, litundike kambani, ulipige kwa fimbo upande wa nyuma mpaka vumbi liishe.

Tatu, doa bichi lifyonze kwa kitambaa, usilisugue. Kisha tumia maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, usuuze vizuri. Sabuni iliyobaki hunasa uchafu mpya.

Nne, lianike likauke pande zote. Hapa kwetu Lugarawa, fanya kazi hii Septemba au Oktoba, kabla ya mvua za Novemba. Zulia lenye unyevu huota ukungu, nao huwatesa wenye pumu.

Angalieni sana: dawa ya madoa kama Jik isichanganywe kamwe na siki wala ndimu. Hutoa hewa ya klorini, nayo huweza kuua.

Swali: Kwa nini tunakung'uta vumbi kabla ya kutia maji?